Deni la Mama Zai, Pikipiki ya Baba Zai

Pale Tandika, Dar es Salaam, palikuwa na mama lishe mmoja, tumwite Mama Zai, mwenye meza mbili na mabenchi manne chini ya turubai. Asubuhi chapati na supu, mchana wali maharage. Biashara haikumtajirisha, lakini sufuria zilikuwa zake, na hela ya jioni alijua inakwenda wapi.

Mumewe aliendesha bodaboda ya mtu, kila siku anapeleka hesabu kwa bosi. Jioni moja akarudi na habari: kuna taasisi inakopesha akina mama, watano watano, wanadhaminiana. "Mama Zai, siku hizi mnawezeshwa nyinyi. Nenda kachukue, tununue pikipiki yetu."

Akaenda. Akasaini yeye, wenzake wanne wakamdhamini. Siku ya kupokea hela wakapigwa picha, wote wamevaa kanga sare. Sina shaka picha ile iliingia kwenye ripoti ya mtu fulani, ushahidi kwamba wanawake watano wamewezeshwa. Pikipiki ikanunuliwa wiki ileile. Kadi ikaandikwa jina la Baba Zai, kwa kuwa ndiye dereva na kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Marejesho yalikuwa kila Jumanne, na yalitoka kwenye chapati. Baba Zai, sasa hana bosi wa kumpelekea hesabu, alipata jibu jipya kila alipoombwa hela ya mchele au ya daftari za mtoto: "Si umewezeshwa wewe?" Kijiweni nako walikuwa wakilalamika kwamba wanawake wa siku hizi wamepewa kila kitu, wanaume ndio wa kuonewa huruma. Mfano wao ulikuwa huyohuyo Mama Zai, anayelala saa tano usiku na kuamka saa tisa kukanda unga.

Masika yalipoanza wateja wakapungua. Marejesho yakamshinda mara ya kwanza, wenzake wakamchangia. Mara ya pili wakamchangia huku wamenuna. Mara ya tatu akakimbilia kausha damu, mikopo ya riba kubwa, akalipa deni kwa deni. Baba Zai akachoka na kelele za wadai, akawasha pikipiki, akahamia Mbagala kwa mwanamke mwingine. Jumanne iliyofuata wenzake walikuja na mjumbe wa shina, wakabeba jiko la gesi, sufuria kubwa na mabenchi yote manne. Aliyebeba benchi la mwisho alikuwa shoga yake wa miaka mingi. Alikuwa analia, lakini alibeba.

Kisa hiki si cha Tandika peke yake. Bangladesh, nchi iliyosifiwa dunia nzima kwa mikopo midogo ya akina mama, watafiti Anne Marie Goetz na Rina Sen Gupta walichapisha mwaka 1996 utafiti ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanawake ilikuwa ikiendeshwa na wanaume wa nyumbani kwao. Mwanamke anabaki kuwa mlango wa kupitishia hela, na mwenye kudaiwa.

Basi tusidanganyane kwamba kumkopesha mwanamke ndiko kumwezesha. Mkopo unaweza kumsaidia. Halmashauri zetu hutenga asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake isiyo na riba, na wapo walioinuka nayo. Swali ni nani aliyeamua hela ifanye nini, na kilichonunuliwa kimeandikwa jina la nani. Kwa Mama Zai, majibu yote mawili yalikuwa Baba Zai.

Jibu la Baba Zai na malalamiko ya kijiweni ndiyo yanayoniudhi zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwisha mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na malazi, na mke kuwa na hela mkononi hakumfutii mume wajibu huo. Anayesema "si umewezeshwa" anatafuta likizo, tena likizo yenye malipo.

Sheria hiyohiyo ina upande unaouma. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kuthibitisha kunawezekana: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Ikiwa kupika na kulea kunahesabika, chapati zilizolipa pikipiki zitakosaje kuhesabika? Lakini mahakamani huendi na machozi, unakwenda na karatasi. Mama Zai alikuwa na daftari la marejesho, kila Jumanne imesainiwa. Alilichana siku mabenchi yalipobebwa.

Dada unayeitwa kesho kusaini, soma kwanza. Kama hela ni ya chombo, jina lako liwe kwenye kadi. Kama ni ya kiwanja, liwe kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakupa haki sawa na mwanamume. Mume akikataa jina lako liwepo, usisaini. Na daftari la marejesho litunze, hata siku ukiwa na hasira.