Sukari Isiyoonekana

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji mwezi huu ni hili: mtu akikuuzia kitu, wala asikuambie neno lo lote la uwongo, lakini akakitengeneza kitu kile hata usitambue kilichomo, je, amekudanganya au hakukudanganya? Wengine watasema hilo ni swali la wanafunzi wa chuo, halimfai mtu mwenye shamba na watoto. Mimi naona kinyume chake. Maana kitu ninachokinena ni sukari, na anayekula ni mtoto.

Sukari ya chai sina ugomvi mkubwa nayo. Mama aitiapo kijiko katika kikombe huiona kwa macho yake. Akitaka hupunguza, na bei ikipanda huacha. Ninayoinena ni ile nyingine, iliyokwisha kutiwa kiwandani kabla kitu hakijafika dukani: iliyomo katika mtindi wenye ladha ya matunda, katika mkate laini wa pakiti, katika unga wa uji wa watoto wachanga, hata katika mchuzi wa nyanya wa chupa, ambao watu wengi hudhani ni kitu cha chumvi, kumbe karibu robo ya uzito wake yaweza kuwa sukari. Kopo la soda la mililita 330 huwa na gramu 35 hivi, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Simjui mama atakayetia vijiko tisa katika kikombe kimoja cha mtoto. Mkono wenyewe utakataa. Lakini mama yule yule hununua kopo lile siku ya sikukuu kwa furaha, wala mkono haukatai, kwa kuwa haukupima kitu.

Wala sukari si sumu. Asemaye hivyo apita kiasi, na maneno ya kupita kiasi huwafanya watu waache kusikiliza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ambayo mtu huipata kwa kula. Na ikiwezekana iwe chini ya nusu ya hiyo. Sukari iliyomo katika embe zima, au katika maziwa yenyewe, haimo katika hesabu hii. Basi mtoto mdogo anayekula kalori 1,300 kwa siku, kipimo chake cha juu ni gramu 32 hivi. Kopo moja limekwisha kukipita, naye bado hajala mkate. Ikizidi, huanza na meno: vijidudu vya kinywani huigeuza kuwa asidi, na asidi hula jino, na mtoto mwenye jino bovu halali usiku wala hasomi mchana. Kisha huja unene usio wa afya, na baada ya miaka mingi kisukari na magonjwa ya moyo.

Hiyo “miaka mingi” ndiyo shina la neno letu, nami nitakaa hapo kidogo.

Katika vita vikuu vya pili serikali ya Uingereza ilianza kuwagawia watu chakula kwa vipimo, mwezi wa Januari 1940, na sukari ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupimwa. Mgao wa sukari ulidumu hata baada ya vita, ukaondolewa mwezi wa Septemba 1953. Mara watu wakaifuata kwa kiu: mtu mzima aliyekuwa akila karibu gramu 40 kwa siku akafika karibu gramu 80. Hakuna aliyekusudia kufanya majaribio. Lakini hivyo ndivyo yalivyokuwa. Mwaka 2024 wataalamu walichapisha katika jarida la Science habari za watu wapata 60,000 waliozaliwa kati ya 1951 na 1956, wakawalinganisha wale ambao mimba yao na utoto wao vilipita wakati wa mgao na wale waliokuja baada yake. Wale wa kwanza, walipofikia utu uzima na uzee, walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa kadiri ya asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20. Hata walioupata ugonjwa, kisukari kilichelewa kwa miaka minne hivi.

Mtu akimpiga mtoto wangu fimbo leo, fimbo na jeraha vyaonekana pamoja, na baraza laweza kukaa kesho. Lakini mtoto akinyweshwa utamu tangu tumboni, na ugonjwa ukaja akiwa na miaka hamsini, ni nani atakayeitwa barazani? Mwenye kiwanda amekwisha kufa, mama naye amekwisha kufa, na mgonjwa mwenyewe hakumbuki alichokula. Kwa sababu hiyo watu hudhani hapakuwa na kosa. Mimi nasema urefu wa njia kati ya tendo na madhara hauondoi kosa la mtu aliyejua njia inakokwenda. Humsaidia tu kujificha.

Muuzaji ana jibu lake, na ni haki tulisikie. Atasema: “Sikuficha kitu, yote yameandikwa kwenye pakiti.” Ni kweli, yameandikwa, lakini tazama jinsi yalivyoandikwa. Herufi ni ndogo kama mchanga. Tena sukari haikuitwa sukari peke yake, bali glukosi, dekstrosi, maltosi, fruktosi, na sharubati ya mahindi. Desturi ya sheria za nchi nyingi ni kwamba vitu vitajwe kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Basi mtengenezaji akizigawa sukari zake katika majina matatu, hakuna hata moja litakalotangulia, na unga wa ngano utasimama mbele kama mwenye nyumba. Kila neno ni la kweli, na jumla yake yampotosha msomaji. Kama kudanganya ni kumfanya mwenzio aamini lisilo kweli kwa kusudi, basi hapa pana udanganyifu, ingawa hakuna sentensi ya uwongo.

Mwaka 2024 shirika la Public Eye la Uswisi, pamoja na chama cha IBFAN, walitangaza kwamba vyakula vya watoto wachanga vya kampuni ya Nestlé viliuzwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini vikiwa vimeongezwa sukari, na huko Uswisi viliuzwa bila ya kuongezwa. Kampuni ilijibu kwamba hufuata sheria za kila nchi. Jibu hilo laweza kumtosha hakimu. Kwangu halitoshi, maana tumbo la mtoto halijui mipaka ya nchi. Na ajuaye kutengeneza uji usio na sukari kwa jirani yake hawezi kusema hajui.

Wako wanaotupa lawama yote kwa mama. Yeye hana nafasi ya kusoma pakiti huku amebeba mtoto mgongoni, na jua linatua. Katika nchi ya Chile waliliona hilo. Tangu mwezi wa Juni 2016 kila chakula cha pakiti kilichopita kiasi cha sukari hubandikwa chapa nyeusi ya pembe nane upande wa mbele, ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza huitambua. Na picha za wanyama wa kuchekesha ziliondolewa katika pakiti hizo. Ununuzi wa vinywaji vyenye chapa ulipungua kwa karibu robo, na viwanda vingi vikapunguza sukari ili kuikwepa chapa. Sheria ile haimkatazi mtu kununua. Humrudishia macho yake tu.

Mahali pasipo na chapa, mwenye pakiti na aigeuze nyuma, atafute mstari wa sukari kwa gramu 100, aigawanye hesabu ile kwa nne. Jibu ndilo idadi ya vijiko vya chai vilivyomo katika kila gramu 100, na mtoto wa darasa la nne aweza kumfanyia mama yake hesabu hiyo pale pale dukani, kabla fedha haijatoka mkononi.