Neno Bure na Paa la Nyumba

Neno bure katika lugha yetu lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kisicholipiwa, na kazi ya bure ni iliyopotea pasi na faida. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba huo ni upungufu wa lugha, kushindwa kwake kuzitenga maana mbili zilizo mbali. Mwaka 2011, nikiwa mgeni wa dada yangu mkubwa kusini mwa Uingereza, nilipewa karatasi niisome, na tangu siku hiyo nimeliacha neno hilo lilivyo.

Dada ni mjane, na nyumba ile ndiyo mali pekee aliyoachiwa. Kijana mwenye adabu zake alibisha hodi akaeleza kwamba kampuni yake itamwekea paneli za sola juu ya paa bila ya yeye kutoa hata peni moja. Umeme utakaofuliwa mchana atautumia atakavyo. Yeye atalikodisha paa kwa kampuni kwa miaka 25, basi. "Mdogo wangu," dada aliniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Nitie saini au nisitie?"

Sikuwa mshauri asiyeelemea upande. Nilikuwa nimetoka Unguja, ambako tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme, baada ya kuharibika njia ya chini ya bahari iliyotuletea umeme huo kutoka Bara. Mwaka 2008 tulikuwa tumekwisha kuonjeshwa kiza cha karibu mwezi mmoja. Mara hii ilikuwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, wanawake wakarejea visimani na ndoo zao, na usiku watu wakagawika baina ya wenye jenereta na wasio nayo. Aliyetoka katika hali hiyo, akiambiwa kwamba jua litamwashia taa, hana subira ya maswali. Nilimwambia dada atie.

Karatasi nikaisoma usiku ule, baada ya kutoa ushauri, wala si kabla.

Serikali ya Uingereza ilianzisha Aprili 2010 utaratibu wa kumlipa mwenye mtambo mdogo wa umeme wa jua kwa kila uniti aifuayo, hata ile anayoitumia mwenyewe. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa malipo yalianza kwa peni 41.3, na yalidhaminiwa kwa miaka 25. Huyo ndiye ng'ombe. Umeme wa mchana ni kikombe kimoja cha maziwa, na kampuni ilimwachia dada kikombe. Nacho hakikuwahi kujaa, kwani dada alikuwa akitoka asubuhi kwenda kazini na kurudi magharibi. Mtambo haukuwa na betri, na umeme usiotumika papo hapo ulikwenda zake kwenye gridi.

Siiti hiyo dhuluma. Kuununua mtambo wa namna ile wakati huo kulihitaji paundi 10,000 au zaidi, na dada hakuwa nazo. Huku kwetu mwenye chombo huchukua fungu lake la samaki hata kama hakulowa, na hakuna amwitaye mwizi. Lakini fedha zile za malipo zilitoka wapi? Ziliongezwa katika bili za umeme za nchi nzima. Mpangaji wa ghorofa ya 9, asiye na paa wala matumaini ya kuwa nalo, alichanga peni zake ili kampuni ivune na dada ateleke chai. Bure ya mtu mmoja ilikuwa na walipaji wengi wasioulizwa.

Wasioulizwa wengine walikuwa karibu zaidi: watoto wake. Sisi watu wa pwani hatushangazwi na milki zilizopandana. Mombasa ipo nyumba bila ardhi, kuta ni zangu na udongo chini yake ni wako. Na Unguja mkarafuu ukiweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule. Uingereza nilikuta kuta na udongo ni vya dada, na kilichokodishwa ni vigae na hewa iliyo juu yake. Si ajabu hiyo iliyonikosesha usingizi, bali muda. Aliyetia saini ni mwanamke wa miaka 56, na atakayefunguliwa ni bibi wa miaka 81, au warithi wake. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi huuchukua mkataba pamoja na ufunguo. Paa likivuja na paneli zikashushwa, karatasi ilimtaka mwenye nyumba ailipe kampuni fidia ya jua lililopotea.

Msomaji ataniambia kwamba apandaye mnazi naye huwafunga wajukuu. Naam, lakini mjukuu anaweza kuukata mnazi.

Wala kukataa hakukuwa na usafi wake. Uniti inayofuliwa kwa jua ni makaa au gesi isiyochomwa, na sisi tunaoishi juu ya matumbawe, bahari ikitulia fukwe, hatuwezi kulitazama paa tupu tukaliita heshima. Kwa hiyo kosa, kwa maoni yangu, si kuipokea sola ile. Kosa ni kuipokea peke yake, mezani, pamoja na ndugu mgeni mwenye kiu ya taa, kabla ya kuwaita wale watakaokaa chini ya paa hilo.

Asubuhi nilimwomba dada angoje. Aliniambia kwamba amekwisha kutia saini, kwa kuwa mimi nilisema.

Mwaka 2012 malipo ya mitambo mipya ya majumbani yalishushwa hadi peni 21, na Aprili 2019 mlango ulifungwa kwa waombaji wapya. Mikataba ya zamani ingali ikiendelea. Dada amestaafu, mchana yuko nyumbani, na kikombe sasa kinajaa. Lakini anataka kuuza arejee Unguja, na mnunuzi wa kwanza alipouona mkataba aliondoka. Hajanilaumu. Hunipigia simu adhuhuri, birika likichemka nyuma yake, na wiki iliyopita alicheka akasema, "Hii chai ya bure, mdogo wangu." Sikumuuliza alikusudia bure ipi.