Mti Uliosahauliwa Ndani ya Chungu

Somo letu ni Luka 13:6-9. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu kutafuta matunda kwenye mtini wake, hakuona kitu, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutilia samadi. Tuangalie vizuri, ndugu: mtumishi yule hakuomba shoka wala kisu. Aliomba muda na samadi. Juu ya jambo hili tunataka kusema na kila parokia, maana kuna watu kati yetu wanaokatwa kabla ya kulishwa.

Iko kazi moja ya Wajapani inayotusaidia kufahamu somo hili. Ndugu mmoja atauliza kwa nini twende hadi Japani, hali msitu wetu wa Kongo ni mkubwa kuliko nchi yao nzima. Ni kweli. Lakini Mungu amefundisha watu wengi kwa miti, na wale wamesoma somo lao kwa uvumilivu mkubwa. Kazi hiyo inaitwa bonsai, ni kusema mti uliopandwa katika chombo kisicho na kina. Mti unabaki mdogo, lakini sura yake ni ya mzee wa msituni. Mmoja wa miti wanayoipenda ni ule wanaouita momiji, yaani erable wa Japani. Majani yake yana vidole kama mkono wa mtoto, na kabla ya baridi yanageuka mekundu kama moto. Hapa kwetu hauwezi kukaa vizuri, kwa kuwa kila mwaka unataka miezi ya baridi kali ili upumzike.

Mtu angefikiri kwamba fundi wa bonsai anaanza sikuzote na mche mchanga. Wengine wanafanya hivyo. Lakini wengi wanatafuta momiji ya bustani iliyonunuliwa zamani, ikawekwa nyuma ya nyumba ndani ya chungu cha plastiki, ikaachwa. Miaka kumi, miaka kumi na mitano, hakuna anayeitazama. Kwa nini wanaitafuta hiyo? Kwa sababu ya shina. Mche uliotiwa mapema katika chombo kidogo haunenepi upesi. Lakini ule uliosahauliwa, mara nyingi mizizi yake imetoboa chini ya chungu ikajitafutia ardhi, na matawi yamekwenda yalikotaka. Hivyo shina limenenepa pasipo mtu kujua. Miaka ambayo mwenye nyumba aliihesabu kuwa bure, fundi anaihesabu kuwa mali.

Hatusemi kwamba kuacha mti ni kuzuri. Mti ule una shida nyingi. Mizizi inazunguka ndani ya chungu kama kamba, inajikaba yenyewe. Ukiumwagilia maji yanapita kando na kutoka chini, katikati pamebaki pakavu. Matawi ya ndani yamekufa kwa kukosa mwanga. Anayepita husema: huu ni wa kuni.

Sasa tusikilize utaratibu wa kazi, kwa maana hapo ndipo penye somo. Kama mti ni dhaifu, fundi hauukati. Kwanza anaulisha, anauweka penye kivuli kidogo ili jua la mchana lisiunguze majani, anaungoja upate nguvu. Hiyo inaweza kumaliza mwaka mzima. Kisha, mwisho wa majira ya baridi, kabla ya vichipukizi kufunguka, anautoa katika chungu, anachambua mizizi polepole kwa kijiti au kwa kulabu, anakata ile minene inayozunguka na kuhifadhi ile myembamba inayokunywa. Anaupanda katika sanduku pana lenye udongo wa chembe kubwa, ambamo maji na hewa vinapita. Halafu anaungoja tena. Shina na matawi makubwa hayakatwi siku ileile ambayo mizizi imeguswa. Tena momiji ikikatwa wakati utomvu unapanda, inatoka maji mengi kama mtu anayelia. Kwa hiyo wengi wanangoja majani ya mwaka yakomae ndipo wakate, na kidonda wanakipaka dawa. Nao mti una ajabu hii: kwenye mbao nzee, mahali pasipo jani hata moja, unatoa vichipukizi vipya. Ayubu 14:7-9 inasema juu ya tumaini la namna hiyo.

Sisi tunafanyaje? Mtoto anafukuzwa nyumbani kwa sababu mjomba amekufa, au biashara ya baba imeanguka, na mtu amesema kwamba ndiye mchawi. Analala sokoni, anachota maji kwa watu apate mkate. Siku moja anaingia kanisani kwetu, anakaa nyuma kabisa. Na sisi, badala ya kumpa chakula, tunamsimamisha mbele ya kusanyiko Jumapili ya kwanza na kumwambia: ungama! Mtoto mwenye njaa ataungama chochote. Tumekata shina na mizizi siku moja, tena ya mti usio na nguvu, kisha tunashangaa kwamba amekimbia.

Ndugu, hilo ni dhambi, na zaidi ya hayo ni kosa mbele ya sheria. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu juu yake. Mchungaji asiseme kwamba hakujua.

Tunasema vilevile juu ya vijana waliorudi kutoka katika vikundi vya silaha. Wengine walichukuliwa wakiwa watoto. Wamekuwa na shina nene: wanajua kuvumilia njaa, kukesha, kubeba mzigo wa mwenzao. Mizizi yao imezunguka vibaya, ndiyo. Lakini haichambuliwi kwa panga, na haichambuliwi na mtu mwenye haraka.

Nani kati yetu atadharau miaka ya kufungiwa? Papa Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akakaa kifungoni miaka thelathini, akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Wakoloni walidhani wamefunga jambo lile ndani ya chumba kidogo. Tarehe 24 Desemba 1959 serikali yao wenyewe ikalitambua Kanisa. Hatusifu gereza, Mungu ndiye aliyenenepesha shina pale ambapo hakuna aliyetazama.

Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Fundi anaupunguza mti kwa ajili ya macho yake, ubaki mezani maisha yote. Mtu hakuumbwa akae mezani kwa mwingine. Parokia inayomlea yatima ili awe mtumishi wa bure katika nyumba ya kiongozi haimlei. Imempatia tu chungu kingine.

Linabaki jambo la waya. Fundi anazungusha waya wa alumini au wa shaba kwenye tawi ili alielekeze. Ganda la momiji ni laini na tawi linanenepa upesi, kwa hiyo anarudi kulitazama kila baada ya majuma machache, na waya ukianza kuuma anaukata palepale hata kama tawi halijakaa sawa. Asiporudi, alama inabaki miaka mingi.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia ichague baba mmoja na mama mmoja kwa kila mtoto na kila kijana aliyerudi kati yetu. Wamtembelee mahali anapolala. Mwaka wa kwanza asiulizwe maswali ya mambo aliyoyapitia isipokuwa ametaka kusema mwenyewe. Chakula, shule, dawa, maombi pamoja naye, si juu yake. Wakiona amri tuliyompa inamuumiza, waje watuambie mapema, nasi tutailegeza.