Wajibu wa Mwenye Kusafisha

Tuzungumzapo utamaduni wa taifa, mara nyingi fikra zetu huelekea kwenye ngoma, mashairi, mavazi na lugha. Hayo ni sehemu yake, lakini siyo yote. Utamaduni wa watu hujulikana pia kwa namna wanavyoushughulikia uchafu wao: huutupa wapi, nani huubeba, na nani huishi kando ya jalala. Insha hii yakusudia kulitazama swali moja tu katika mlango huo. Mtu anayesafisha ardhi iliyoingiwa na sumu, je, afungwe na sheria ileile inayomfunga anayechafua, au alegezewe kamba ili kazi yake njema ipate kutendeka?

Katika nyumba nyingi za pwani tulizolelewa, wazee walitukataza kufagia usiku. Na kama hapakuwa na budi kufagia, taka hazikutupwa nje. Zilikusanywa pembeni, nyuma ya mlango, zikangoja asubuhi. Wazee walisema kuwa kutupa taka usiku ni kufukuza baraka. Lakini rundo lile la pembeni lilikuwa na masharti yake, ingawa hayakuandikwa popote. Kila aliyekuwamo nyumbani alijua kuwa lipo. Watoto walizuiwa wasilichezee. Na kulipopambazuka lilitolewa. Rundo lililokutwa mahali pale mchana wa siku ya pili halikuitwa tena usafi, bali uvivu. Naomba msomaji aliweke rundo hilo akilini, maana tutalirudia.

Ardhi huingiwa na sumu kwa njia nyingi: kiwanda kilichomwaga maji machafu kwa miaka, mapipa yaliyozikwa, ghala la dawa za wadudu lililobomoka. Anayekuja kuisafisha hawezi kuizoa sumu yote kwa siku moja na kuipeleka mahali pa salama. Hana budi kuuchimbua udongo, kuupima, kuutenga ulio mbaya na ulio mzima, na pengine kuutibu papo hapo, kwa mfano kwa kuuchanganya na saruji ili sumu isitoroke. Katika muda huo udongo hukaa juu ya ardhi kama rundo, na hapo ndipo penye hatari. Sumu iliyokuwa imelala chini sasa imeamshwa. Upepo huweza kuipeperusha kama vumbi, mvua huweza kuichukua hadi kisimani, na mfanyakazi asiye na kinga huivuta kwa pua yake mwenyewe. Kusafisha vibaya, basi, kwaweza kudhuru kuliko kutosafisha.

Nchi ya Marekani ililikuta swali hili kwa njia ya uchungu. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni ya Hooker Chemical ilizika zaidi ya tani 21,000 za taka za kemikali katika mfereji wa zamani ulioitwa Love Canal, baina ya mwaka 1942 na 1953. Kisha ikaiachia halmashauri ya shule kiwanja hicho kwa bei ya dola moja. Shule ikajengwa, na nyumba zikajengwa kuizunguka. Mwaka 1978 Rais Carter akalazimika kutangaza hali ya hatari mahali hapo, na watu wakahamishwa. Nchi hiyo ilikwisha kutunga sheria ya taka za hatari mwaka 1976; mwaka 1980 ikatunga nyingine ya kusafisha maeneo yaliyoharibiwa; na mwaka 1984 ikakataza taka za hatari zisirudishwe ardhini kabla ya kutibiwa.

Nia ya sheria hizo ilikuwa njema, lakini matokeo yake yalileta fumbo. Udongo wenye sumu ukiachwa ulivyo, haukuguswa na masharti mengi ya taka mpya. Bali ukichimbuliwa na kuhamishwa ili utibiwe, mara ulihesabiwa kuwa taka ya hatari iliyozalishwa siku hiyo, ukadai vibali vyote na matibabu ya kiwango cha juu. Mwenye kiwanja alipopiga hesabu aliona kuwa ni nafuu kuiacha sumu ilale. Hivyo sheria iliyotungwa kuwa adui wa uchafu ikageuka kuwa mlinzi wake. Shirika la serikali la kuhifadhi mazingira la nchi hiyo lenyewe lilikiri tatizo hilo. Mwaka 1993 likatoa kanuni ya kuruhusu taka za usafishaji zikusanywe na kutibiwa katika sehemu maalumu ya palepale kwa masharti mepesi zaidi. Watetezi wa mazingira wakaipinga kanuni hiyo mahakamani, wakihofia kuwa mlango umefunguliwa mno. Na mwaka 2002 ikarekebishwa kwa kuwekewa viwango vya chini vya kutibu taka. Mwaka 1998 shirika hilo likaruhusu pia marundo ya muda katika eneo linalosafishwa, lakini yasikae zaidi ya miaka 2, na nyongeza isizidi siku 180.

Hapa pana mabishano ya kweli, wala si haki kuudharau upande wowote. Wa kwanza husema: sumu haijui nia ya anayeishika. Mtoto anywaye maji ya kisima hadhuriki kidogo zaidi kwa kuwa aliyeyachafua alikuwa akisafisha. Wa pili husema: sheria isiyotekelezeka haimlindi mtu yeyote. Mimi niliyekaa miaka mingi katika utumishi wa umma najua jinsi ombi linavyoweza kulala ndani ya jalada, likazunguka kutoka meza hadi meza na kurudi masijala bila jibu, huku jambo lililoombewa likizidi kuharibika. Kwa hiyo siwezi kuwacheka wa pili. Lakini nimeona pia jinsi neno "kwa muda" linavyoweza kuishi kuliko mtu aliyeliandika.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha, mkoa wa Pwani, palikuwa na banda la kuwekea dawa za wadudu zilizoletwa kutoka nchi za nje. Banda hilo lilibomoka. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na mpita njia angaliweza kusema kuwa mahali pamesafishwa. Lakini watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 waliupima udongo wa juu wakakuta sampuli yenye DDT na masalia yake hadi asilimia 28. Sumu ilikuwa imeshuka hadi kina cha sentimita 50, nayo ilipatikana pia katika maji ya kisima. Hitimisho lao lilikuwa kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe ni taka ya hatari. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Vikuge yatufundisha jambo ambalo mabishano ya vibali huweza kulificha. Kusafisha si kuondoa kinachochukiza macho, bali ni kuondoa kinachodhuru. Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: mwenye kusafisha alegezewe njia, asilegezewe mwisho. Kama karatasi kumi zaweza kuwa tatu, ziwe tatu. Kama udongo waweza kutibiwa palepale badala ya kusafirishwa barabarani kupitia vijiji vya watu wengine, utibiwe palepale. Lakini kiwango cha usalama wa maji, wa hewa na wa mfanyakazi kisipunguzwe hata chembe, kwa sababu hicho si mali ya afisa wala ya mkandarasi hata wakigawe.

Na hapa narudi nyuma ya mlango, kwenye rundo la wazee. Masharti yake matatu yatosha kuwa msingi wa kanuni yoyote ya namna hii. La kwanza, wenye nyumba wajue: wanakijiji waambiwe kwa lugha wanayoielewa ni kitu gani kimechimbuliwa, kipo wapi, na kina madhara gani. La pili, rundo lilindwe: lifunikwe, lizungushiwe uzio, litandikiwe chini, na wanaolishughulikia wapewe mavazi ya kujikinga. La tatu, asubuhi yake ijulikane: tarehe ya mwisho iandikwe, na baada yake ardhi na maji vipimwe na mtu asiyelipwa na aliyefanya kazi.

Pengine mtu atasema kuwa masharti haya ni ya nchi tajiri. Siafiki. Kati ya hayo, ni la pili na kipimo cha mwisho tu vinavyodai fedha nyingi. Kuwaambia watu ukweli na kuweka tarehe hakudai fedha bali kwadai heshima. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuikubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye, na ibara ya 27 ya Katiba yetu yamtaka kila mtu kulinda maliasili ya taifa. Udongo ni maliasili ya kwanza, maana ndani yake mna chakula cha wajukuu.

Walimu watakaosoma insha hii na wanafunzi wao wanaweza kulianza somo hili bila maabara. Wautazame uwanja wa shule yao, waulize taka zake huishia wapi, nani huzichoma, na moshi wake huenda nyumba ya nani. Atakayejizoeza kuliuliza swali hilo akiwa na ufagio mkononi ataliuliza pia siku atakapokuwa na kalamu ya kutia sahihi kibali. Na siku hiyo kutakuwa na watu, ambao hatawaona kamwe, wanaochota maji karibu na rundo lile.