Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka huipenda methali hii, na aghalabu twaifasiri kuwa ni onyo juu ya hesabu tu. Lakini msomaji akiitazama vema ataona kwamba mna vitu viwili ndani yake, daftari na habari, na waliotunga hawakutaja kimoja wakaacha kingine. Daftari lililofungiwa kabatini, ambalo mwenye mali hajapata kulisoma, lamfaa nini kuliko karatasi tupu?

Nataka kuuliza kama serikali yenye zahanati za kujenga na visima vya kuchimba yapaswa pia kutoa fedha ili raia wapate magazeti. Swali ni la nchi nzima, lakini nitalipima kwa Shinyanga na Geita. Huko mali hutoka ardhini: almasi ya Mwadui tangu mwaka 1940, dhahabu ya Geita ambayo mgodi wake ulifungwa mwaka 1966 ukafunguliwa upya mwaka 2000, na dhahabu ya Bulyanhulu tangu mwaka 2001. Fedha ya namna hii ina tabia yake. Mkulima wa pamba akikatwa ushuru hujua amekatwa. Hununa, na siku ya mkutano wa kijiji huuliza. Fedha ya mgodi haikatwi katika jasho lake. Hupita juu ya kichwa chake kama ndege, ikaenda ilikopangiwa, naye hana hata maumivu ya kumkumbusha kuuliza.

Jibu lililo jepesi ni kwamba zahanati itangulie. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku katika kijiji cha Geita hahitaji tahariri. Ahitaji mkunga, taa na dawa. Sina ubishi na jibu hili, na mtu athubutuye kuliweka gazeti mbele ya mkunga ningemwomba akakeshe usiku mmoja katika wodi ya wazazi. Ubishi wangu ni juu ya mizani. Wasemao hivyo hudhani kwamba shilingi iliyonyimwa gazeti hufika kwenye zahanati. Nani amewaambia kwamba imefika?

Chukua mfano mmoja. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo. Lakini mikataba ya migodi mikubwa iliweka kiwango kingine: dola 200,000 kwa mwaka, basi. Mgodi uuzao dhahabu ya dola milioni 500 kwa mwaka ungedaiwa dola milioni 1.5 kwa asilimia ile. Tofauti ni dola milioni 1.3, na hesabu hii haimtaki mchumi; mtoto wa darasa la saba aiweza, mradi apewe tarakimu. Hakupewa. Mikataba ilikuwa siri, na miaka zaidi ya kumi ilipita kabla Geita haijaanza kulipwa kwa asilimia. Katika miaka hiyo yote watu waliambiwa, kwa haki kabisa, kwamba fedha za zahanati hazitoshi.

Mgodi wa Buzwagi ulikuwa Kahama, lakini mkataba wake ulitiwa saini London mwaka 2007, katika hoteli. Watu wa Kahama hawakupata habari hiyo katika ubao wa matangazo wa kata. Waliipata kwa sababu mbunge mmoja, Zitto Kabwe, aliitolea hoja bungeni Agosti mwaka ule, akasimamishwa kuhudhuria vikao, na magazeti ya Dar es Salaam yakaliandika jambo hilo siku baada ya siku mpaka likawa mazungumzo ya vijiweni. Kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Mwaka 2010 ikatungwa sheria mpya ya madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Sisemi kwamba magazeti peke yake ndiyo yaliyofanya hayo. Lakini pima gharama ya wino na karatasi ya miezi ile, kisha pima asilimia moja ya dhahabu ya nchi.

Wala si kweli kwamba hazina yetu haijapata kulilipia gazeti. Mwaka 1968 mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, iliteuliwa kwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyosema juu ya pamba, ng'ombe na uvuvi. Baadaye ikatambulikana kwamba aliyejua kusoma akakosa cha kusoma husahau, na mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1986 serikali ilitangaza kwamba wamebaki chini ya asilimia 10. Kisha hazina ikapungukiwa, karatasi ikawa adimu, magazeti ya namna ile yakafifia, na hesabu ya wasiosoma ikaanza kupanda tena. Nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo leo iliona kwamba kumfundisha mtu kusoma na kumnyima gazeti ni kumpa jembe bila shamba.

Hata hivyo gazeti lile lilikuwa la kufundisha. Lilikuwa na kazi ya kumweleza mkulima namna ya kulima. Wizara iliyolilipia haikuliweka ili liulize kwa nini malipo ya pamba yamechelewa. Hapo ndipo penye mwiba. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa kupita kiasi.

Leo serikali hulipa kwa njia nyingine, nayo ni matangazo ya zabuni, ya nafasi za kazi, ya sikukuu, ya pongezi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari mamlaka ya kuratibu matangazo hayo, na mamlaka yale hayakuondolewa mpaka marekebisho ya mwaka 2023. Kati ya miaka hiyo yalitukia mambo yaliyowahusu sana watu wa ukanda wa dhahabu. Mei na Juni 2017 taarifa za makinikia zilisomwa mbele ya Rais Magufuli, na nchi nzima ikawa inazungumza juu ya mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi. Juni hiyo hiyo gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 kwa habari iliyowahusisha marais wawili wastaafu na mikataba ya madini. Leseni ilirudishwa Februari 2022. Sitaamua hapa kama habari ile ilikuwa sahihi. Kazi hiyo ni ya mahakama, na yafaa iachiwe mahakama. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya New Habari ilisimamisha uchapaji wa magazeti yake, Mtanzania na Rai yakiwamo, na hapo hapakuwa na amri ya mtu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Vijana wataniambia kwamba hakuna hasara, kwa kuwa habari sasa zi katika simu. Ni kweli kwamba simu huzipeleka habari upesi kuliko basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri na kufika Shinyanga usiku. Lakini kilichokufa si karatasi. Kilichokufa ni mshahara wa mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kukaa katika kikao cha madiwani tangu asubuhi mpaka jioni, akisikiliza mambo ya kuchosha. Mwandishi wa wilayani aghalabu hana ajira; hulipwa kwa habari iliyotoka, na malipo yenyewe huenda yasitimize nauli ya kuifuata. Basi huenda mgodini kwa gari la mgodi, na kwenye mradi wa halmashauri kwa gari la halmashauri. Hula chakula cha mwenyeji, na jioni hupewa bahasha. Twamcheka kwa bahasha hiyo, na katika vyuo twamfundisha maadili. Mimi naona aibu ni yetu zaidi kuliko yake. Tumemtuma akatuangalizie mali yetu, tukamwachia anayeangaliwa amlishe.

Pale tusipolipa, hulipa wengine. Mwaka 2008, wakati watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa katika mikoa ya Ziwa, Vicky Ntetema wa BBC ndiye aliyejificha akaingia kwa waganga na kuufichua uovu ule. Alikuwa Mtanzania na alihatarisha maisha yake. Lakini idhaa iliyomtuma, siku zile, ililipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza. Wafadhili hao nao wana vipaumbele vyao: Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha matangazo ya Sauti ya Amerika, na waliozoea kuisikiliza kwa Kiswahili hawakuwa na mtu wa kumlalamikia. Walipa kodi wa Ohio hawana deni kwa mtu wa Kishapu.

Kwa maoni yangu serikali ilipe, lakini ilipe kama mnunuzi na si kama mfadhili. Tayari halmashauri zapaswa kuwaeleza wanakijiji mapato na matumizi, na hubandika karatasi ubaoni, ambako mvua huzisoma kabla ya watu. Tangu mwaka 2017 migodi nayo yapaswa kukubaliana na halmashauri juu ya miradi ya jamii. Bunge na litunge sheria kwamba kila halmashauri ipokeayo fedha za mgodi ichapishe hesabu zake kila robo mwaka katika kila gazeti linalouzwa wilayani mwake, kwa bei moja iliyowekwa na sheria, pasipo waziri wala mkurugenzi kuchagua nani apewe na nani anyimwe. Mhariri aliyemkosoa mkuu wa wilaya Jumatatu atalipwa Jumanne sawa na aliyemsifu, na kwa malipo hayo ataweza kumtuma mwandishi kwa nauli yake mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba kurasa za tarakimu hazisomwi na mtu. Huenda Dar es Salaam hazitasomwa. Lakini ukurasa ukisema kwamba zahanati ya kijiji fulani cha Geita imeezekwa kwa bati 120, wako watu mia kadhaa wanaopita chini ya paa lile kila siku, nao wajua kuhesabu.