Chupa Ndani ya Kabati

Kisa hiki kilitokea mbali, Marekani, katika mchezo ambao wengi wetu hatuufuatilii. Hata hivyo nakuomba ukisome kana kwamba kimetokea kwa jirani, kwa maana mwisho wake umekwisha kubisha hodi kwetu.

Ilikuwa Agosti 1998. Marekani nzima ilikuwa ikimtazama mchezaji wa besiboli, Mark McGwire wa timu ya St. Louis Cardinals. Katika besiboli hakuna pigo linalopendwa kama lile linalourusha mpira hadi ukavuka uzio wa uwanja. Mwaka 1961 Roger Maris alipiga mapigo 61 ya namna hiyo katika msimu mmoja, na kwa miaka 37 hakuna aliyemfikia. Sasa McGwire na Sammy Sosa wa Chicago Cubs walikuwa wakiikimbiza rekodi hiyo bega kwa bega. Mchezo wenyewe ulikuwa umedhoofika: mgomo wa wachezaji wa mwaka 1994 ulisababisha hata fainali isichezwe, na mashabiki wengi wakasusa. Mapigo ya wanaume hawa wawili ndiyo yaliyowarudisha viwanjani.

Siku moja Steve Wilstein, mwandishi wa shirika la habari la Associated Press, alikuwa amesimama na wenzake mbele ya kabati la McGwire katika chumba cha kubadilishia nguo. Kabati lilikuwa wazi, na ndani yake mlikuwa na chupa iliyoandikwa androstenedione. Mwandishi hakupekua chochote. Aliona, akasoma, akaenda kuwauliza wanaojua. Akaelezwa kwamba dawa hiyo ikiingia mwilini hugeuka kuwa testosteroni, homoni inayojenga misuli. Iliuzwa madukani bila kificho, na kanuni za besiboli hazikuikataza. Lakini Olimpiki ilikuwa imeipiga marufuku, na ligi ya futiboli ya Kimarekani vilevile.

Habari ilipotoka, moto ukawaka, na aliyeungua akawa yule aliyeiona chupa. Aliitwa mdaku aliyechungulia faragha ya mtu. Kocha wa timu alitaka waandishi wa shirika lile wasiruhusiwe tena kuingia chumbani humo. Tarehe 8 Septemba McGwire alipiga pigo la 62, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Alimaliza msimu akiwa na 70, na Sosa 66. Chupa ikasahaulika.

Sasa tutazame yaliyotokea pembeni mwaka huohuo. Randy Barnes, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa Olimpiki wa 1996 na mwenye rekodi ya dunia ya kurusha tufe, alikutwa na androstenedione mwilini, dawa ileile ya kabatini. Kwa kuwa aliwahi kukutwa na kosa la dawa miaka ya nyuma, alifungiwa maisha. Julai ya mwaka huo, mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa, maofisa wa forodha walilisimamisha gari la mhudumu wa Festina, timu ya mbio za baiskeli, wakalikuta limesheheni EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, na dawa nyingine. Timu ikafukuzwa katika Tour de France, polisi wakapekua hoteli walimolala waendeshaji. Tangu hapo doa halijautoka mchezo ule: mwendeshaji akishinda leo, watu huuliza kwanza alimeza nini.

Majira yaleyale, michezo mitatu. Mrusha tufe alifukuzwa na wachache wakamlilia, waendesha baiskeli wakafuatwa na polisi, na mpiga mpira akashangiliwa na taifa zima. Ukiuliza tofauti ilikuwa wapi, huipati ndani ya chupa. Iko machoni mwa watazamaji. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza.

Dalili ziliendelea kujitokeza, na kila moja ikapatiwa udhuru. Rekodi iliyosimama miaka 37 ilipitwa mara sita katika misimu minne tu, kuanzia 1998 hadi 2001, na ni wachezaji watatu pekee waliofanya hivyo: McGwire, Sosa na Barry Bonds aliyefikisha mapigo 73. Watu wakasema wachezaji wa siku hizi wanafanya mazoezi zaidi. Miili ilivimba, watu wakasema ni lishe. Mwaka 2002 Ken Caminiti, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1996, alikiri hadharani kwamba msimu ule alitumia steroidi, dawa za kujenga misuli. Hata hapo wengi walilichukulia kama jambo lake binafsi. Kumbuka kwamba muda wote huo ligi haikuwa na utaratibu wa kuwapima wachezaji wake na kuwaadhibu. Utaratibu wenye adhabu ulianza 2004.

Machi 2005 Bunge la Marekani liliwaita wachezaji kujieleza. McGwire alikataa kuyazungumzia yaliyopita. Siku hiyohiyo, mbele ya wabunge walewale, walikuwepo wazazi waliofiwa na watoto wao wa kiume. Vijana hao walikuwa wachezaji wa besiboli waliotumia steroidi, kisha wakajiua. Hapo ndipo wengi walipoelewa kwamba tulipokuwa tukishangilia, watoto walikuwa wanatutazama na kujifunza. Desemba 2007 ripoti ya Seneta mstaafu George Mitchell ikataja majina ya wachezaji 89. Januari 2010 McGwire mwenyewe akakiri kuwa alitumia steroidi, hata mwaka ule wa 1998, na akaomba radhi. Miaka zaidi ya kumi na moja ilikuwa imepita tangu chupa ilipoonekana.

Usidhani tabia hii imekwisha. Mwaka 2018 Julian Edelman wa New England Patriots alifungiwa mechi nne za mwanzo wa msimu kwa kukiuka kanuni za dawa za ligi ya futiboli ya Kimarekani. Februari iliyofuata, katika msimu uleule, alitangazwa mchezaji bora wa fainali, na shangwe hazikupungua. Mwanariadha mwenye kosa la dawa angekosa miaka, na jina lake lingebaki na doa hadi kaburini.

Siyasimulii haya kama mtu aliyesimama nje ya kosa. Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2024 nilikuwa mbele ya televisheni pamoja na majirani, tukimtazama Mkenya mwenzetu Ruth Chepngetich akikimbia marathoni ya Chicago. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kukimbia chini ya saa 2 na dakika 10. Aliipunguza rekodi iliyokuwapo kwa karibu dakika mbili. Tulirukaruka, tukakumbatiana. Kisha nikasikia kwamba mwandishi mmoja wa Marekani amemwuliza angewaambia nini watu watakaodhani muda huo ni mzuri kupita kiasi. Nilikasirika. Nilisema ni wivu, ni dharau kwa Mwafrika. Wakenya wengi walisema hivyohivyo, na wakubwa wa riadha nao.

Julai 2025 ikatangazwa kwamba sampuli aliyoitoa mwezi Machi mwaka huo ilikutwa na hydrochlorothiazide, dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, na ambayo huweza kutumiwa kuficha dawa nyingine. Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Tuwe waadilifu: rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa sampuli hiyo ilichukuliwa baadaye. Lakini mimi sina la kujitetea. Siku ile sikuwa na ushahidi wowote kwamba swali ni baya. Nilikuwa na mapenzi tu. Nilimfanyia mwandishi yule kile ambacho mashabiki wa St. Louis walimfanyia Wilstein.

Na mawingu yalikuwa yametanda zamani. Mwaka 2012 televisheni ya ARD ya Ujerumani ilitangaza habari za dawa miongoni mwa wanariadha wa Kenya, nasi tukaziita fitina. Mwaka 2014 Rita Jeptoo, mshindi wa Boston na Chicago, alikutwa na EPO. Tukasema ni mmoja. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, mjini Rio 2016, alikutwa na EPO mwaka uliofuata, na adhabu yake ikaongezwa hadi miaka minane baada ya kubainika kwamba hati za hospitali alizozitoa kujitetea zilikuwa za kughushi. Tukasema wamelaghaiwa. Wanariadha wa Kenya waliofungiwa sasa wanazidi 100. Mwaka 2022 nchi iliponea chupuchupu kutengwa na riadha ya dunia, na serikali ikalazimika kuahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano ili kupambana na pufya, yaani dawa haramu michezoni.

EPO ni dawa ya wagonjwa wa figo walioishiwa damu. Kijana mzima akidungwa, chembe nyekundu huongezeka, damu huwa nzito, na moyo hupata shida kuisukuma. Hatari hii haijui kama aliyedungwa ni wa besiboli, wa baiskeli au wa marathoni. Haijui bendera iliyo kifuani mwake.

Basi tujifunze. Mzazi, kijana wako akirudi kutoka kambini na chupa isiyo na jina, au akitaja daktari asiyeweza kukuonyesha alipo, usinyamaze kwa sababu ada ya wadogo zake imelipwa. Kocha, mwanariadha wako akipunguza muda kwa kishindo kisichoelezeka, mwulize kabla hujampongeza. Shabiki mwenzangu, ukisikia kosa la dawa katika mchezo usioupenda, pima hasira yako. Kisha ulete kipimo hichohicho nyumbani, kwa timu yako na kwa bingwa wako. Na ukijikuta unamkasirikia anayeuliza kuliko unavyotaka jibu, jua hiyo ndiyo dalili ya kwanza, nayo iko ndani yako.

Mkimbiaji msafi naye anatutegemea. Kila tunapomzomea mwenye swali, tunamfungia mlango yeye asiye na cha kuficha, yule ambaye angetamani aulizwe, apimwe, na ushindi wake uaminiwe. Tukiona chupa kabatini, tulisome jina lake kwa sauti, hata kama kabati ni la mtu tunayempenda.