Je, Mpira wa Shule ni Sadaka?

Mkristo akitoa fedha zake kuinunulia shule mipira, kamba za kuruka na filimbi, je, ametoa sadaka, au amechangia starehe tu? Swali hili hutujia kila mara mwalimu wa elimu ya viungo anapobisha hodi kwetu kuomba msaada. Wenzetu wengine hujibu upesi: wajane wapo, yatima wapo, paa la kanisa linavuja, mpira utangoja.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ikiwa kweli tunazo shilingi za kazi moja tu, na mjane analala mvuani, basi na tumwezekee mjane. Lakini, ndugu wasomaji, ni mara ngapi tumefika kwenye njia panda ya namna hiyo? Fedha tunazowanyima watoto mara nyingi huishia kwenye vipaza sauti vipya, hali vile vya zamani vilikuwa vikisikika hata ng'ambo ya mto.

Wako pia wanaomtaja Mtume Paulo, kwamba alimwandikia Timotheo kuwa mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Ni kweli, akiyalinganisha na utauwa. Ila faida ndogo si hasara, na Paulo huyo huyo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu hulitunza kila siku, hatungoji libomoke. Wamisionari wa UMCA walioendesha shule ya Kiungani, Unguja, hawakuona aibu kuwachezesha wanafunzi wao kandanda. Nalo shirika la UNESCO lilitamka mwaka 1978, katika mkataba wake, kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu.

Kila mtu, si timu ya shule peke yake. Hapo ndipo penye shida.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu twajua jinsi kipindi hiki kinavyoonewa. Mitihani ikikaribia, hugeuzwa kuwa cha hesabu. Siku nyingine watoto hupewa mifagio. Na kikifundishwa, mara nyingi mwalimu husimama na mpira mmoja mbele ya watoto 60. Tupige hesabu: kipindi cha dakika 40, watoto 60, mpira mmoja. Kila mmoja angeshika mpira kwa sekunde 40 tu, kama wangegawana sawasawa. Hawagawani sawasawa. Wale hodari huutawala tangu mwanzo hadi kengele. Msichana aliyekua, asiye na bukta ya heshima, husema tumbo linamuuma. Mtoto mwenye mguu mbovu huketi chini ya mwembe akilinda viatu vya wenziwe, na mwisho wa mwaka hakuna awezaye kusema amefundishwa nini. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mlinda viatu anapata ngapi?

Sasa tazama sisi tunavyopenda kutoa. Tunapenda jezi. Tunapenda kikombe king'aacho, chenye jina la mfadhili, na picha ya kukabidhi. Jezi huvaliwa na watoto 11 na wa akiba wao, hasa msimu wa UMITASHUMTA unapofika. Hatusemi ni dhambi, maana mashindano nayo yana furaha yake, na ni yapi maisha ya shule bila furaha? Lakini tukinunua jezi kila mwaka na kipindi kinabaki na mpira mmoja, tumewaongezea walionacho. Bwana wetu alionya juu ya sadaka ya kupigiwa tarumbeta. Nasi twaona jina mgongoni mwa jezi liko karibu sana na tarumbeta hiyo.

Watanzania tunamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Alianguka akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Yeye alikuwa mkimbiaji hodari aliyepatwa na ajali, si mtoto dhaifu wa darasani. Hata hivyo taifa zima lilijifunza kumheshimu wa mwisho. Kwa nini basi michango yetu imfuate wa kwanza siku zote?

Kwa hiyo, msaada wa kwanza umfikie mwalimu mwenyewe. Tumuulize anachohitaji kabla ya kwenda dukani; huenda akataja mipira sita ya bei nafuu badala ya mmoja wa fahari, bukta za wasichana, chokaa ya kuchorea mistari, au nauli ya kwenda kwenye mafunzo mafupi ya namna ya kumchezesha mtoto mlemavu pamoja na wenziwe. Fedha zipitie kamati ya shule, na stakabadhi itolewe. Tena tumwombe mwalimu mkuu kwa upole kwamba kipindi kisiliwe na hesabu, maana mipira iliyofungiwa stoo haimfai mtu.

Asiye na fedha asijione hana kitu. Fundi seremala mwenye maranda asiyachome moto: shimo la kuruka juu linayahitaji, na watoto watakuja na magunia kuyachukua wenyewe.